Fyuzi Niliyoificha kwenye Kasha la Chaki

Mpendwa mshauri Lidia,

Ninaomba msaada wako nikiwa kitandani, kwa hiyo unisamehe mwandiko, lakini akili ninayo bado na ninachokuandikia ni kweli tupu. Naitwa Egide, nina miaka sabini na tisa, nimefundisha fizikia katika sekondari za mkoa huu kwa miaka ishirini na sita, na mwezi uliopita daktari aliniambia kwa upole kwamba moyo wangu umechoka na kama kuna mambo ya kuweka sawa niyaweke sasa. Nilimjibu kwamba sina jambo lolote. Nilisema hivyo nikimtazama usoni.

Siku tisa baadaye nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki katika gereji ya mpwa wangu Emelyne, hapa Mpanda, na kile nilichokiona mkononi mwake kimenitoa usingizi mpaka leo.

Emelyne ni mtoto wa marehemu mdogo wangu Donatille. Nimemlea tangu akiwa na miezi minane, ananiita marume, ndiyo mjomba kwa Kirundi chetu, na ufundi umeme wa magari nilimwanzishia mimi mwenyewe mezani nyumbani, kwa betri za tochi na vipande vya waya, kabla hajaenda chuo. Sasa ana miaka thelathini na minne na madereva wanamletea magari mpaka kutoka Inyonga. Mwaka huu Arcade, mtoto wa marehemu Gabrieli mnunuzi wa tumbaku, alimletea gari la baba yake, gari la spoti la milango miwili, jekundu, la mwaka sabini na nne, lililokaa ghalani chini ya turubai miaka yote kwa sababu ndani ya gari hilo ndimo Donatille alimofia, na baada ya hapo Gabrieli alilinyoosha bodi lakini hakupata mtu wa kulipanda. Watu walimwambia Emelyne alikatae. Akasema, "Nataka nikae kwenye kiti alichokaa mama. Nikishakaa, nitalitengeneza."

Alilifufua injini kwa wiki mbili, lakini taa zikamshinda. Asubuhi zinawaka vizuri, injini ikishapata moto fyuzi ya taa inaungua, akiweka nyingine nayo inaungua, gari likipoa zinawaka tena kama hazijawahi kuugua. Mimi nikiwa pale kwenye kiti changu nilimwambia atazame alteneta, akaitazama, nikamwambia abadilishe swichi, akabadilisha, nikamwambia labda ni balbu za zamani. Nilikuwa nampoteza, mshauri, na hata leo siwezi kuapa kwamba sikujua ninampoteza. Mwishowe akaacha kunisikiliza. Akatoa fyuzi, mahali pake akaunganisha balbu ndogo, akawasha injini, akakaa anaisubiri. Njia hiyo nilimfundisha mimi, kwamba balbu ikiwaka kwa nguvu ujue waya umegusa bodi na umeme unavuja. Baada ya kama nusu saa balbu ikawaka. Akaingia chini ya dashibodi, akawa anasogeza waya mmoja mmoja, mpaka alipogusa mmoja unaopita karibu na ukuta wa injini, balbu ikazima.

Alitoka na kipande cha waya amekikata pamoja na kiungo chake. Kiungo kilikuwa kimefungwa kwa uzi wa kufungia majani ya tumbaku, juu yake kumepakwa nta ya nyuki, na nta ilikuwa imeyeyuka na kuwa nyeusi mpaka shaba inaonekana. Akakinusa.

"Marume, hii ni nta," akasema. "Baba hakudanganya mahakamani. Taa zilizima kweli usiku ule."

Kisha akakaa chini, kwenye sakafu yenye oili, na akasema kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake, "Huyu fundi, kama yuko hai, nataka nimwone. Nataka anieleze alikuwa anafikiria nini."

Mshauri, ule uzi umezungushwa mara saba na kufungwa mafundo mawili. Hakuna mwingine aliyefunga hivyo. Ni mimi.

Ilikuwa mwaka tisini na moja. Shemeji yangu Libérat, mume wa Donatille, alikuwa dereva wa Gabrieli. Panya walitafuna waya wa taa za lile gari, na fundi hakuwepo, basi jioni moja akalileta kwangu kwa sababu mimi ndiye mwalimu wa umeme, na yeye mwenyewe alinishikia tochi nikiwa nimelala chini ya dashibodi. Tepu nyeusi haikupatikana madukani. Sisi wote kule Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, tulikuwa tukifunga viungo vya redio kwa uzi wa tumbaku na nta, na redio ziliimba miaka, basi nikafunga hivyo hivyo. Lakini redio haichemki. Na mimi, kidato cha pili, kila mwaka, nilikuwa nayeyusha nta mbele ya wanafunzi na kuwaandikisha inayeyuka kwenye nyuzijoto ngapi. Nilijua. Nilijiambia ni ya siku mbili tatu, nikishamaliza kusahihisha mitihani nitaifungua, na Libérat sikumwambia kitu.

Jumamosi ya ajali Libérat na Donatille walikuwa wanarudi kutoka ubatizo Inyonga, Gabrieli amewaazima gari, mtoto wamemwacha kwa mama yetu. Giza lilikuwa limeingia tu. Kwenye kona taa zikazima zote mbili na gari likaingia kwenye mti wa mninga. Donatille hakufika hospitali.

Libérat alisema taa zilizima. Alikuwa amekunywa chupa moja ya bia ubatizoni, wakamnusa, ikatosha. Askari wakaniomba mimi nikague umeme, maana mkaguzi wa magari alikuwa mbali, na nilikwenda asubuhi, gari limepoa, nikakuta fyuzi ya taa imeungua. Nikaitoa nikaitia mfukoni. Nikaweka nzima, taa zilizosalimika zikawaka, nikaandika kwamba umeme wa gari hauna hitilafu. Chini ya dashibodi sikutazama. Mahakamani nilisimama nikarudia maneno hayo hayo, kwa Kiswahili safi cha mwalimu, na mama yangu alinishika mkono akanishukuru. Libérat alifungwa miaka mitatu.

Alipotoka alirudi Katumba kulima, na hajashika tena usukani. Kila msimu analeta ndoo ya asali mlangoni kwangu kwa ajili ya binti yake, na kila msimu Emelyne anasema hawezi kula asali ya mlevi aliyemuua mama yake, na mimi ninaichukua. Ninaila, mshauri. Ile fyuzi ninayo bado, imo ndani ya kasha la chaki juu ya kabati.

Sasa Emelyne amesema akimaliza gari atalipeleka Katumba kwa baba yake, ampigie magoti, halafu amuulize ni nani aliyegusa zile taa. Amebakiza kupaka rangi. Nifanye nini? Nikinyamaza, Libérat anasafishwa hata bila mimi, na fundi anabaki mtu asiyejulikana. Nikisema, mtoto niliyemlea ananipoteza wiki zangu za mwisho, au mimi ndiye ninayempoteza, na sina mtoto mwingine wa kunifumba macho. Majina yote nimeyaandika na ninakuruhusu uyachapishe kama yalivyo. Emelyne husoma ukurasa wako kila Jumamosi.

Mwalimu Egide, Mpanda

Shikamoo mzee wangu,

Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Nakupa pole ya moyo wako na ya mdogo wako, na pole hiyo ni ya kweli, kwa sababu ulimzika Donatille na hukuwa na wa kumwambia kilichokuwa moyoni. Pole yangu inaishia hapo. Wewe ni mwalimu, utavumilia kusahihishwa.

Kosa la nta ningekusamehe hata mimi. Tepu haikuwepo, kila mtu alifunga hivyo, ulikuwa na mitihani. Lakini nta haikukutuma utie fyuzi mfukoni. Nta haikusimama mahakamani. Mambo hayo mawili uyatenganishe utakapozungumza, usije ukajificha nyuma ya nyuki.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana umeandika jambo moja na hukulisoma mwenyewe. Umesema Libérat alikushikia tochi. Basi aliiona nta. Aliuona uzi. Miaka thelathini na minne anajua nani alifunga waya ule, na mahakamani alisema taa zilizima akaishia hapo, hakulitaja jina lako. Unauliza kama umwambie Emelyne siri yako. Mzee wangu, siri hiyo haijawahi kuwa yako peke yako. Kwa nini alinyamaza sijui, utamuuliza. Ila mimi nina watoto, na ninajua hivi: siku ile alikuwa anaingia gerezani, mke wake yuko kaburini, na mtoto wake wa miezi minane yuko nyumbani kwako. Kama angekutaja na ukafungwa na wewe, nani angempa uji? Ile ndoo ya asali umedhani analeta kuomba msamaha. Huenda alikuwa analipia malezi.

Emelyne akifika Katumba na kuuliza swali lake, unamlazimisha yule mzee achague tena: akuseme, au aongope mbele ya binti anayekuja kwake kwa mara ya kwanza. Ameshakubebea vya kutosha. Usimwongezee huo.

Na hilo la majina. Unaniambia nichapishe, na unaniambia anasoma kila Jumamosi. Ulitaka gazeti limwambie kwa niaba yako huku wewe umegeukia ukutani. Hapana, mzee. Hili ndilo lile lile la kutotazama chini ya dashibodi.

Utafanya hivi. Kesho asubuhi, kabla hajaenda gereji, muite akae kitandani kwako. Usianze na daktari wala moyo wako, maana ukianza na ugonjwa utakuwa unamfunga mdomo asikasirike. Mkabidhi kasha la chaki alifungue mwenyewe. Ni fundi, akiiona fyuzi ya kioo iliyoungua atajua ni nini. Halafu useme: waya niliufunga mimi, fyuzi hii niliitoa mimi, baba yako alifungwa kwa maneno yangu. Maneno hayo tu. Akipiga kelele, mwache. Akitoka bila kukuaga, usimtume mtu amfuate. Alisema anataka fundi amweleze alikuwa anafikiria nini; akirudi kuuliza, jibu, hata kama jibu ni la aibu.

Siku hiyo hiyo andika kwa mkono wako yale uliyoyaandika vibaya mwaka tisini na moja, uyasahihishe, utie sahihi mbele ya mashahidi wawili wasio ndugu, na karatasi apewe Libérat. Afanye nayo atakavyo, aipeleke mahakamani, aisomeshe kanisani, aichome. Ni yake. Kisha muombe yeyote mwenye gari akupeleke Katumba. Usimwambie Libérat aje kwako kwa sababu unaumwa. Yeye alikuja mlangoni kwako miaka yote na ndoo kichwani.

Kuhusu nani atakufumba macho, sitakudanganya. Inawezekana asiwe Emelyne. Lakini ukifa ukiwa umenyamaza, atakayekufumba macho atakuwa anamfumba mtu asiyemjua.

Jibu hili nakuletea kwa mkono, wewe kwanza. Gari jekundu la namna hiyo Mpanda ni moja tu, hata nikibadili majina kila mtu atalijua. Kwa hiyo barua yako na jibu langu vitakaa mezani kwangu, na sitavichapisha mpaka Emelyne mwenyewe anipigie simu.

Lidia

Emelyne alipiga simu Jumapili ya tatu baada ya hapo, kutoka Katumba. Alisema majina yaachwe kama yalivyo, na la mama yake lisikosewe herufi. Nilimuuliza mzee anaendeleaje. Akasema amelala chumba cha ndani, amechoka na safari, na baba yuko naye, anamlisha uji.