Kikohozi Ulichompa Mchawi

Salumu, mdogo wangu,

Leo asubuhi mama amewaambia tena majirani kwamba hujafa. Alikuwa bombani, ndoo mkononi, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayeeleza kwamba umeme umerudi. Amesema umechukuliwa msukule, na anayekutumikisha ni shangazi Zaituni, dada wa marehemu baba, ambaye nyumba yake na yetu zinatenganishwa na ukuta mmoja hapa Chang'ombe. Nilikuwepo, nilisikia kila neno. Hakuna jirani aliyeshangaa.

Naanza na ninachokijua. Ulirudi kutoka gereji ukilalamika kichwa. Daktari alisema ni homa ya uti wa mgongo. Hukumaliza wiki. Nilikuosha mimi pamoja na wazee wawili wa msikitini, na nililiona lile kovu la cheche ya kuchomelea kwenye kiwiko chako cha kushoto. Nilishuka kaburini kukupokea. Nimeandika habari za vifo vya watu wengi, na sijawahi kuwa karibu na ushahidi kiasi hicho.

Mama ana jibu. Anasema wanaofungwa macho kwanza ni wale wanaoosha.

Unakumbuka vitabu vyako. Ulivinunua Mabibo, kwa yule muuzaji anayetandika gunia karibu na hosteli za wanafunzi, na hukuwahi kurudi na kitabu cha mapenzi wala cha siasa. Ulitaka majini, misukule, falme za chini ya maji. Nilikuwa nakucheka.

"Braza, wewe andika ajali zako," ulikuwa ukinijibu. "Mie niache na mashetani yangu. Yenyewe hayasubirigi msemaji wa polisi."

Macho ya mama yalikuwa yameshaanza kuzibwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo baada ya alasiri ulikaa naye barazani ukamsomea. Mikono yako ilikuwa inanuka chuma. Jini ulimpa sauti ya mpiga debe, malkia wa majini ukampa sauti ya mwalimu wako wa hesabu. Mama alicheka hadi kujifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mara nyingi nilikaa hapo na kompyuta mapajani, nikijifanya nafanya kazi.

Arobaini yako ilipopita, mama aliniomba niendelee pale ulipoishia. Mwezi mzima uliopita nimesoma vitabu vyako, kwanza kwa ajili yake, baadaye kwa ajili yangu. Nilitarajia upuuzi. Nilikuta mji ulio chini ya ziwa ambao wakazi wake hukodisha vivuli vyao, na fundi cherehani anayeshona sanda ya mteja kabla mteja hajaugua. Walioviandika wanaijua hofu. Wanajua kwamba haiji na ngurumo. Inakuja na mtu unayemfahamu, anayejua mahali unapoweka ufunguo. Kuna jioni niliweka kitabu chini nikaenda kuhakikisha dirisha limefungwa. Jua lilikuwa bado linawaka.

Siku moja, katikati ya ukurasa, mama alinikatiza.

"Umeruka."

"Sijaruka, mama."

"Umeruka. Mchawi kabla ya kupiga hodi anakohoa mara mbili, halafu anaomba chumvi. Salumu hakuwaga anaruka."

Niliuangalia ukurasa ule tena. Hakukuwa na kikohozi wala chumvi. Nikavichukua vitabu vyote chumbani kwako, nikavisoma peke yangu kama ninavyosoma nyaraka za kazini. Havimo popote. Wala haumo ule mwisho ambao mama anausimulia kwa uhakika, kwamba mama mzazi akisimama mlangoni kwa mchawi na kuita jina la mwanawe mara tatu, mwana anatoka. Katika vitabu vyako, Salumu, waliochukuliwa hawarudi. Anarudi mmoja tu, na hana ulimi.

Ulikuwa unatunga. Kila mchawi ulimpa kikohozi cha shangazi Zaituni, na namna yake ya kubana kanga kwapani, na hodi yake ya kuja kuazima vitu. Yeye na mama walikuwa wamenuniana tangu msiba wa baba, na ulijua hicho ndicho kitakachomchekesha mama. Na kila mwisho uliugeuza, kwa sababu mama hakupenda kwenda kulala huku mtoto wa watu amebaki kwa mchawi. Mimi nilikitambua kikohozi kile tangu mwanzo. Nilicheka pia. Nilidhani yaliyobaki yamo kitabuni.

Nilimweleza mama. Alikuwa anachambua mchele kwa vidole, maana macho hayamsaidii tena.

"Mama, hayo hayamo kitabuni. Salumu aliyatunga ili ucheke."

Vidole vilisimama.

"Basi alijua," alisema.

"Nani?"

"Mwanangu. Alimjua atakayemchukua, akaniachia na njia ya kumrudisha. We ulitaka aniambie waziwazi, halafu yule amsikie?"

Kazi yangu ni kuuliza swali la pili. Siku ile nilikaa nikamsaidia kuchambua mchele.

Mama amewasimulia majirani, na tangu hapo mambo yamekwenda haraka. Barafu za ubuyu za shangazi zimejaa kwenye friji, hakuna mama anayemtuma mtoto kuzinunua. Mlangoni kwake mtu amechora alama ya mkaa; ameifuta, imechorwa tena. Rafiki zako wa gereji wamemwita mtaalamu wa kurudisha misukule kutoka nje ya mji. Ataingia kwa shangazi pamoja na mama, mama ataita, na usipotoka, shangazi ataulizwa ulipo. Nilimuuliza kijana mmoja uliyefanya naye kazi, ataulizwa vipi?

Alitazama pembeni. "Braza, si unajua tu."

Jana nilikwenda kwa shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kununua barafu au kunihoji?"

Nilimwomba aende kwa mwanawe Kinondoni mpaka mambo yatulie. Nilimwambia usafiri upo, aniambie tu ni saa ngapi.

"Nikiondoka leo, kesho watasema Zaituni kapaa na ungo," alisema. "Halafu nyumba waitie moto. Nyumba kaijenga baba yangu hii. Mie sitoki."

"Shangazi, hawa vijana hawatanii."

"Najua. Nimewaogesha wengine hapo uani wakiwa uchi." Akaugonga ukuta kwa kidole. "Alikuwa ananiiga, yule mtoto. Ukuta huo hauzuii kitu, namsikia. Kikohozi anakipatia kabisa. Ila chumvi kanionea. Mie nilikuwa naombaga sukari."

Alicheka, na kicheko kikaishia kwenye kikohozi, mara mbili. Jirani aliyekuwa anapita nje ya dirisha akaongeza mwendo.

Sina hasira nawe. Ulimpa mama jioni njema wakati mimi nilikuwa nampa salamu tu, macho kwenye kompyuta. Ninachohisi ni hofu, na nimeichunguza, ni ya kweli. Namwogopea shangazi. Namwogopea mama pia, kwa sababu baada ya kuita jina lako kuna kitu atakifanya, na hakuna kitabu kinachonieleza ni kipi. Ameshafua kanzu yako. Imepigwa pasi, inaning'inia nyuma ya mlango wa mbele.

Nimeiandika barua hii iwe wazi mtandaoni kwa sababu rafiki zako wanasoma simu zao pale gereji wakisubiri umeme. Nataka wasome hili: mchawi anayekohoa alitungwa na Salumu, barazani kwetu, kumchekesha mama yake. Vitabu viko kwangu. Anayetaka aje, nitamfungulia kila ukurasa.

Mtaalamu anafika Jumapili baada ya alasiri. Mwenyekiti wa mtaa amesema atakuwepo. Kituoni wameandika maelezo yangu na kusema watatuma askari. Mimi nitakaa kizingitini kwa shangazi kuanzia adhuhuri, na atakayeingia itabidi aniruke. Mama atakuita mara tatu, na mlango utakuwa mgongoni kwangu. Nimeamua kwamba sitageuka kutazama.

Baki pale nilipokulaza, mdogo wangu.

Kaka yako