Mkeka wa Kituo cha Sita

Jumatatu, 2 Septemba 2024
Hamoudi wa kamati ya utalii kaja tena na faili lake. Kibao kimeshachapishwa: Njia ya Biubwa, Kituo cha Sita. Bibi yangu huyo! Mwanamke wa kwanza huku kwetu kusuka picha kwenye mkeka — minazi, nyumba, hata treni aliyoiona mara moja tu. Wageni wataanzia Kaole alikozaliwa, wapite Miono alikofuata ukindu wa kusukia, wamalizie barazani kwetu. Hamoudi anasema mikeka yake yote imepotea, umebaki huu wetu wa minazi. Akauliza, upo? Nikasema upo.
Kwa nini nilisema upo?

Jumatano, 4 Septemba
Niandike basi, hapa hakuna anayesoma. Siku tuliyomzika mama, mwaka juzi, wanaume walikuwa nje, jeneza tayari. Wakaomba mkeka wa kwenda kufunika juu ya viunza, zile mbao za kaburini, kabla ya udongo. Ndani palikuwa na miwili. Wa Bibi, mkuukuu, pembe zimeliwa na mende. Na wangu, niliousuka kwa kuiga ule ule wa Bibi — miezi minne! Wangu nikauonea uchungu. Nikawapa mkuukuu. Mama yangu mzazi, nikamfunika kwa kitu nilichokiona takataka.
Sasa takataka ile ndiyo inayowekewa kibao. Nikisema ukweli, Bagamoyo nzima itajua nilimbania mama yangu mkeka.

Jumapili, 8 Septemba
Nimeuloweka wangu kwenye chai ya rangi. Nimeukanyagakanyaga uani kama mwendawazimu. Jirani Sikuzani akachungulia, akauliza nafua zulia? Nikacheka. Kicheko chenyewe kibaya.

Ijumaa, 13 Septemba
Hamoudi kauona. Nusura alie! Kaupiga picha kila pembe, eti hazina ya mkoa. Nikajikausha. Halafu, yuko mlangoni anavaa viatu: kesho wanamleta Bi Mardhiya kutoka Pangani, mwanafunzi pekee wa Bibi aliye hai. Macho hayaoni tena, lakini vidole vizima.


Jumamosi, 14 Septemba
Naandika chumbani, mlango nimekomea. Wageni wamejaa barazani.
Nilimwamkia Bi Mardhiya, shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanipapasa uso. Wakamwekea mkeka mapajani. Akaupitia kwa vidole ukili mmoja mmoja, kila utepe wa msuko. Kisha akanivuta sikio karibu: Biubwa alisukia mkono wa kushoto, ukili wake ulilalia kushoto. Huu umelalia kulia. Wake uko wapi, Raya?
Nikamwambia. Palepale, kwa kunong'ona, yote, mpaka chai. Hakunikaripia — afadhali angenikaripia. Akapaza sauti, akawaambia watu huu ni mkono wa nyumba hii. Wakapiga makofi! Nilitamani ardhi inimeze.
Basi akaomba ukindu. Mjukuu aanze ukili mbele ya watu, kama Biubwa alivyokuwa akianza. Akaninong'oneza: ukishindwa kwa kushoto, utawaeleza mwenyewe kwa nini.
Ndiyo nimekuja kuuchukua huo ukindu. Huu hapa mapajani. Nimejaribu kwa kushoto mara tatu, unafumuka. Mara ya nne — vidole vimerudi kulia vyenyewe, na kulia unakwenda vizuri, unapendeza hasa.
Hamoudi anagonga tena. Namsikia Bi Mardhiya akimwambia amwache, Raya anakuja.