Kioo cha Kasri Lililopigwa Mizinga

Baba,

Mwaka wa pili huu tangu tukuzike, na leo ndiyo kwanza nnapata moyo wa kukwambia. Kile kioo cha picha, ile negativu ya zamani, hakina picha tena.

Uliniusia, "Zuwena, kiweke juu ya kabati, si chini." Kabati lilijaa. Nkakitia chini ya kitanda na kanga yake, nkisema ntakihamisha. Mwezi wa sita kikaja kimbunga, wadi la Ghubra, lile bonde kavu, likafurika, maji yakaingia majumbani. Tulipandisha ghorofani televisheni, magodoro, hata albamu ya harusi yangu. Kioo nlikisahau. Baba, nlikisahau.

Maji yalipotoka nlikikuta kizima, hakina hata ufa. Nkafurahi! Nkakianika darini, juani, kikauke. Nliporudi, picha yote imeteleza, imejikunja pembeni kama utando wa maziwa. Maji yaliilainisha tu. Juani nliipeleka mimi.

Nlikwenda nacho Azaiba, kwa yule Muhindi wa studio. Akakiinua kwenye taa, akanitazama kwa huruma. "Mafi sura, mama." Hamna picha.

Unakumbuka ulivyokuwa ukikielekeza dirishani baada ya alasiri? "Palipo peusi ndipo peupe," ukinifunza. Kasri la Unguja, siku ya pili baada ya manowari za Waingereza kulipiga mizinga: nguzo zimelala, ngazi haiendi popote. Na mbele ya kifusi kasimama mtu mmoja, babu yako, aliyekuwa mchukuzi wa vyombo vya mpiga picha wa Kizungu. Mzungu alimwambia, "Simama pale, usitikisike," watu wapate kuona ukubwa wa kile kifusi. Mzungu hakujua kuwa chini ya kifusi yumo Khamis, mlinzi wa kasri, ndugu yake babu, hajafukuliwa bado. Picha ilipotoka, uso umechezacheza, haujulikani. Mzungu akakitupa kioo. Babu akakiokota.

"Mwili hakuutikisa," ukiniambia kila mara. "Alikuwa akilia tu."

Khamis hana kaburi tunalolijua. Alikuwa na kile kioo, basi.

Nlijaribu kumsimulia mwanangu. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Mama, picha yenyewe iko wapi?" Na mimi mwenyewe inanitoka. Jana sikukumbuka kama babu alisimama kulia kwa ngazi au kushoto. Wewe ungejua. Hapana mwengine wa kumuuliza.

Radhi yako nnaiomba kila sala, lakini moyo hautulii.

Mungu akulaze pema, Baba. Siwezi kukuahidi kwamba khabari hii itaishi. Nnaiona inavyokufa mikononi mwangu. Nnakuahidi hili tu: sitosema ilichukuliwa na kimbunga. Wakiniuliza nani kampoteza Khamis, ntasema ni mimi.

Mwanao,
Zuwena