Helikopta ya Tetsuo

Mdogo wangu Fumiyo,

Mpunga umechanua, na taa ya kuwapokea marehemu wanaorudi nyumbani siku hizi nimeitundika mlangoni. Ninajifunza kurusha ile helikopta ya rimoti aliyoniachia marehemu mume wangu, Tetsuo. Mwalimu Kuroiwa hunifokea: "Mama, mkia uwe upande wako! Ikikutazama, kushoto kwake ni kulia kwako, utaivunja hiyo!"

Leo ikanigeukia. Kwa hofu nikaondoa vidole kwenye rimoti. Haikuanguka. Ilitulia hewani ikinitazama, ikainama mara mbili, ikatua, kama Tetsuo alivyozoea kuitua mbele yangu.

Rimoti ya mwalimu imeungwa na yangu ili aweze kuiongoza nikikosea, nikamshukuru kwa kuniokoa.

"Mimi? Sijagusa kitu, mama."

Usiwaambie wanangu, watanipokonya helikopta. Taa itazimwa keshokutwa, marehemu wakirudi kwao. Kesho nitaondoa vidole mapema zaidi.

Dada yako,
Shizue