Mwanya wa Nyanya Bitutu

Keumbu, Kisii
Septemba 1974

Kwa kaka yangu mpendwa Walter,

Pokea salamu kutoka kwangu mimi dada yako Gesare. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mombasa pamoja na wifi Drusilla, na kwamba joto halijawamaliza. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Baba ni mzima na duka linaendelea. Mama anasumbuliwa na goti lake lile lile, lakini bado hataki mtu mwingine akamue ng'ombe wake. Mvua imenyesha vizuri na wimbi shambani limekubali. Yule jogoo uliyesema tusimchinje mpaka urudi tulimchinja, utatusamehe, wageni walikuwa wengi. Na sababu ya wageni hao ndiyo habari iliyonifanya nikae chini kukuandikia.

Labda baba amekwisha kukueleza kwamba mdogo wetu Bitutu amefungwa waya kwenye meno. Najua ulishangaa, kwa sababu meno ya Bitutu unayafahamu. Yamesimama wima yote, na katikati ule mwanya wa nyanya Bitutu mwenyewe, ambao wazee waliomjua nyanya wakiuona kwenye uso wa mtoto huacha walichokuwa wakisema. Kama kuna mtu nyumbani aliyestahili waya, kaka, ni mimi. Jino langu la mbele limempanda mwenzake kama mbuzi anayetaka kuruka ua, na tangu nikiwa darasa la tano nacheka nikiwa nimeziba mdomo kwa kiganja. Wewe ulikuwa ukinitania kwamba natafuna siri.

Jambo lenyewe lilianza kwa maumivu ya taya. Bitutu alikuwa akitafuna upande mmoja tu, na jioni anashika kichwa. Hospitali ya Kisii ikasema apelekwe Nairobi kwa daktari wa meno, na safari ile ya kwanza baba akanichukua na mimi ili nimsaidie mtoto. Nilivaa gauni langu la kanisani. Sikumwambia mtu, lakini nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya meno yangu.

Daktari alimpa Bitutu kipande cha nta akiume, akamwonyesha baba alama zake. Akaeleza kwamba meno kupangika vizuri ukiyatazama kwa mbele si sawa na meno kukutana vizuri ukifunga mdomo. Ya Bitutu upande mmoja ya juu yanaingia ndani ya ya chini, kwa hiyo kila anapofunga mdomo taya lazima litelezee kando. Akasema likiachwa hivyo litakua limepinda na meno yatalika kabla ya wakati. Hapo mimi, bila kuulizwa, nikafungua mdomo wangu. Daktari akanitazama kwa kioo chake kidogo, akaniambia niume, akasema meno yangu yanakutana sawasawa hata kama yamesongamana, na nishukuru. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuambiwa yu mzima akaumia kama nilivyoumia mimi siku ile.

Tangu hapo kila mwezi ni baba na Bitutu na basi la Nairobi. Mimi nabaki nyuma ya kaunta nikipima sukari. Wakirudi ni hadithi za chai ya hotelini na lifti iliyowapandisha juu, na baba, ambaye huku hazungumzi, anacheka akizisimulia. Watu wanatoka hata Keroka kuja kutazama mdomo wa mtoto. Siku ya Sabato akisimama kuimba kwaya, waumini hawafumbi macho hata kwenye maombi. Miwa amekatazwa, mahindi ya kuchoma amekatazwa, basi ndizi tamu zilizoiva vizuri zote ni zake, na anayeziponda ni mimi. Peremende ambazo baba alimnunulia mtoto, daktari alizikataza, zikanifikia mimi. Nilizila zote kwa hasira.

Nitakuambia na hili ili ucheke. Karatasi zinazong'aa za zile peremende sikuzitupa. Siku moja duka lilipokuwa tupu nilizikunja nyembamba, nikazibandika kwenye meno, nikawa natabasamu mbele ya kile kioo cha kuuza. Mzee Yakub wa duka la vitambaa akaingia kutafuta chenji. Alinitazama kwa adabu, akauliza kama na mimi nimefika Nairobi, nikajibu kwa kichwa kwa sababu nilikuwa siwezi kufungua mdomo. Aliniombea nafuu akaenda zake. Mpaka leo akinikuta njiani anauliza hali ya meno.

Lakini wivu wangu haukuanzia kwenye waya. Unajua ulipoanzia. Wewe umebeba jina la babu Angwenyi, na baba hajawahi kukukaripia mbele ya watu. Bitutu amebeba jina la mama yake baba, na tangu akiwa mchanga baba anamwita mama. Mimi nilipewa jina la shangazi fulani wa mama kule Nyamira, ambaye hata mama hamkumbuki vizuri. Baba akifika nyumbani anasimama mlangoni na kofia mkononi, anauliza, mama yuko wapi? Na sote tunajua haulizii mkewe. Akiwa amekasirika, Bitutu anajitokeza tu, anatabasamu, ule mwanya unaonekana, na hasira imekwisha. Mimi sijawahi kuwa na kitu cha kumalizia hasira ya baba. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikapita, akasema vizuri, kesho ufungue duka mapema.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Siku ile ile ya kwanza daktari alimwonya baba kwamba meno yakivutwa yakutane, mwanya utazibika, hakuna njia nyingine. Kwenye basi, tulipokwisha kupita Nakuru, baba akasema, kama anayejieleza kwa mtu asiyekuwapo, kwamba mtoto hawezi kuachwa na maumivu. Akakubali. Mwezi baada ya mwezi mwanya ukawa unapungua, na mwezi uliopita ulikuwa umekwisha kabisa. Meno yamekutana, taya haliumi tena, na Bitutu, nakuambia ukweli, amependeza kuliko zamani.

Na baba ameacha kumwita mama.

Hafanyi kwa ubaya. Jioni ya kwanza alisimama mlangoni na kofia yake, akamtazama Bitutu, mdomo ukafunguka, ukafunga, halafu akasema, Bitutu, niletee maji ya kunawa. Mama yetu aliinua kichwa kutoka jikoni akanitazama. Tangu siku ile ni Bitutu hiki, Bitutu kile, kama anavyoniita mimi Gesare. Na mimi, kaka, nilifurahi. Nililala usingizi mzuri.

Haikupita wiki mbili, Bitutu akanijia dukani nikiwa peke yangu. Alikuwa ameazima koleo kwa Jaffer anayetengeneza redio, sijui alimdanganya nini. Aliniomba nimkatie zile waya. Alisema ameambiwa na daktari kwamba zikitolewa kabla ya muda meno yanarudi yalikokuwa, na yeye ndivyo anavyotaka, yarudi. Akasema afadhali taya liume, maana baba sasa anamtazama kama anayetazama mgeni aliyekalia kiti cha mtu. Alilia, kaka, na ule mdomo wake wa chuma, mpaka wateja waliokuja wakaishia mlangoni.

Nilimkatalia. Nilimweleza mambo yote ya taya kama daktari alivyoyaeleza, polepole, nikamnyang'anya koleo nikalirudisha kwa Jaffer mwenyewe. Habari zikafika nyumbani. Mama alisema sasa nimekuwa mtu mzima. Baba aliniita, akaniambia nina akili, akanivutia kile kigoda kilicho karibu na kiti chake, ambacho Bitutu alikuwa akikikalia. Nikakaa.

Nimewaandikia watu wawili barua hii kichwani, mchungaji na wewe, nikaona ni afadhali wewe. Sikumkatalia kwa ajili ya taya lake. Nilikataa kwa sababu nilijua waya zikitoka mwanya utarudi, na mwanya ukirudi, mama wa baba atarudi, nami nitarudi nyuma ya kaunta. Hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni mwangu nikiwa nimeshika koleo, na maneno ya daktari yalikuwa mdomoni tu. Kila anayenisifu ananichoma.

Na kigoda chenyewe sikukipata nilivyodhani. Baba anaongea na mimi habari za unga na mafuta ya taa, halafu anatazama upande ule Bitutu alipo. Anamkosa mama yake na mama yake ameketi pale pale anakula ndizi. Mimi nipo katikati.

Huenda ningevumilia hata hivyo, maana wivu una nguvu. Lakini Sabato iliyopita, baada ya ibada, watoto walimchekesha Bitutu nje ya kanisa, nikamwona akicheka ameziba mdomo kwa kiganja. Yeye, mwenye meno hayo. Amejifunza kwangu, hakuna mwingine wa kujifunzia. Nilirudi nyumbani peke yangu.

Nimejaribu kumwambia baba amwite mama tena. Nimemfuata zizini na nimemfuata dukani, na kila mara neno limenikwama. Nikilisema mimi, nitakuwa nimelitoa kwa mkono wangu mwenyewe, na mkono haujakubali. Ndiyo maana naomba wewe unisaidie.

Unajua baba anavyozisoma barua zako. Baada ya chakula anavaa miwani, sote tunakaa, anasoma kwa sauti kubwa kila neno, hata salamu za watu asiowajua, bila kuruka. Basi mwandikie. Eleza habari zako zote, na mwishoni andika hivi: Baba, mama yako Bitutu hajambo? Mwambie mama namsalimu. Usiandike mara moja tu. Liandike hilo neno mpaka mdomo wake ulizoee.

Mimi usinijibu, maana barua zote zinapitia sanduku la posta la baba. Jibu lako nitalisikia akiwa anasoma. Nitakuwa nimekaa kwenye kigoda, karibu naye kabisa, na akilitamka neno lile nitainuka nimpishe Bitutu. Najua itaniuma. Wewe andika tu, na uandike upesi, kabla sijabadilisha mawazo.

Mama anakusalimu na anauliza mtarudi lini. Mzee Yakub naye anakusalimu. Mpe wifi mkono wangu, na mwambie nikija Mombasa nitacheka bila kuziba mdomo, nikiweza.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Gesare Obwocha