Hatua ya Thelathini na Moja

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Mimi sijambo, ila macho yamechoka. Siku hizi saa ndogo za kike nazirudisha kwa wenyewe nikisingizia kwamba sina vipuri. Duka nalifungua kila asubuhi kama alivyoliacha Baba. Kiti chako bado kina ule mguu mbovu.

Barua yako nimeipata. Unaniomba nikueleze hatua kwa hatua ni wapi hasa nilikuachia ule mchezo. Wifi naye ameniandikia kwa siri kwamba tangu tulipomzika Baba hujagusa sataranji, hata watoto wakikubembeleza, na kwamba unasema kila ulicho nacho ni cha kuazima. Haya, panga kete nikueleze.

Unaijua nyumba yetu. Kwingine watu waligombana, sisi tuliwekewa ubao. Nani aoge kwanza, nani alale upande wa dirisha, nani aende sokoni: ubao. Kwa hiyo chuo kilipotuita sote wawili, na Baba akasema lazima mmoja abaki kumsaidia kutengeneza saa, hakuna aliyeshangaa alipomwaga kete mezani. Atakayeshinda ataenda, atakayeshindwa atabaki dukani. Mama alisema huo ni wazimu, kisha akaenda kufua.

Nilicheza na nyeupe. Nilitanguliza askari wa mfalme, nawe ukafanya vivyo hivyo, tukatoa farasi, na mapema nikamficha mfalme wangu nyuma ya askari, upande wa malkia. Wewe, Mzee wa Haraka, ulimtoa malkia mbio kama mtu aliyesahau chungu jikoni. Hatua ya kumi na nne nikamla farasi wako bure kabisa. Baba alikuwa akiandika kila hatua kwa penseli kwenye daftari la saa za wateja.

Hapo kichwa kilivimba. Nilijiona nimeshafika chuoni, nikaanza kuokota askari wasio na maana huku wewe ukijipanga polepole, jambo ambalo sikujua unaliweza. Kufikia hatua ya ishirini na sita ulikuwa umeshalipa kisasi cha farasi. Ikabaki kila mtu na mfalme wake, ngome yake, na askari mmoja pembeni mwa ubao, wangu upande mmoja, wako upande wa pili. Kila askari alibakiza hatua nne ageuke malkia.

Sasa sikia nililokwambia siku ya mazishi, mbele ya shangazi, kwa sauti niliyotaka wasikie hadi walioko nje. Asubuhi ya mchezo ule Baba aliniita dukani nikiwa nimeshika skrubu kwa kibano. Alisema mwanamume asiye na elimu ni mzigo kwa ukoo, ila msichana mwenye ufundi hapotei. Akaniomba kwamba nikiona nakaribia kushinda, nikuachie. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikaitikia.

Hatua ya thelathini na moja niliiona njia. Niipeleke ngome yangu ikabiliane na yako, zilane, kisha askari wangu akimbie. Nilihesabu nikaona nimeshinda. Badala yake nikaichukua ngome nikaitupa pembeni, na hatua kumi baadaye nikamlaza mfalme kukubali kwamba nimeshindwa. Wewe ulirukaruka chumba kizima. Baba alinishika bega akasema nimeiokoa nyumba. Kwa maneno hayo nimekaa kwenye meza ile miaka ishirini na miwili. Kila nilipotaka kuondoka niliyakumbuka, nikajiona mtu mkubwa, nikavaa lenzi yangu nikaendelea.

Kaka, njia ya mwongo ni fupi, na yangu imefika mwisho. Nilipokuwa nikisafisha droo za Baba nililikuta lile daftari. Nikaupanga mchezo wote upya, nijifurahishe tu, nikione kile nilichokitoa. Safari hii ngome niliipeleka pale nilipotaka kuipeleka siku ile. Ukaila. Nikaila yako kwa mfalme. Halafu nikanyoosha mkono nimsogeze askari wangu, nikaurudisha, maana zamu haikuwa yangu, ilikuwa yako. Siku ile nilihesabu kana kwamba mimi ndiye wa kwanza kukimbia. Askari wako angefika kabla ya wangu, angegeuka malkia huku akimtishia mfalme wangu, na kutoka kona ile angeilinda kona ya mbali alikokuwa akielekea askari wangu. Nimejaribu kila hatua nyingine iliyokuwepo. Zote zinaishia palepale.

Na Baba alijua. Pembeni ya hatua ya thelathini, moja kabla ya ile zawadi yangu, ameandika kwa penseli: "Binti kashindwa." Alijua, na bado akanishika bega. Aliyeshindwa angekasirika akaondoka, lakini aliyejitolea hukaa. Nimemlilia mzee yule mwaka mzima, na leo sijui nilikuwa namlilia nani.

Lakini baya kuliko yote si la Baba, ni langu. Daftari nililiona Jumatatu. Wewe ulikuja Alhamisi na ile hati ya kuniachia sehemu yako ya nyumba na duka, ukasema ni haki yangu kwa kuwa nilikupa maisha yako. Nilikumiminia chai. Ulipouliza kama kalamu inaandika, nilikujibu kwamba inaandika. Sikusema lingine. Nilitaka angalau kitu kimoja kiwe changu, na nilikuchukia, kaka, kwa jinsi ulivyoinamisha kichwa.

Hati hiyo nimeifunga humu pamoja na daftari, uichane mwenyewe. Panga kete, uwaite watoto, uwaonyeshe mchezo wote tangu mwanzo. Waambie hakuna aliyekuachia chochote. Ulishinda.

Msalimie wifi, na mwambie sikukasirika kwa barua yake. Wajukuu wa Mama uwabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
uliyemshinda.