Esigani wa Rukia

Dada Zuhura,

Shikamoo. Huku Nyamira mvua haikosi miadi, kila siku saa nane. Riwaya yangu ya mapenzi inakwenda vizuri mno, kwa kuwa siiandiki tena mimi. Anaiandika Moraa, mpiga taipu wangu, Msabato asiyegusa mashine Jumamosi wala mabusu siku yoyote. Jana shujaa wangu Idi alipomkumbatia mpenziwe Rukia, Moraa aliacha kupiga.

"Mama, esigani yao iko wapi?"

Esigani ni mshenga wa huku, anayetumwa kwanza kuchunguza kama kwa kina Idi kuna wazimu au wachawi. Leo nimekuta kamwongeza mwenyewe, kurasa nne nzima, na ndiye mtu pekee kitabuni mwenye akili. Nikamwambia mapenzi ya kweli hayahitaji mpelelezi.

"Na wewe mama, nani alienda kuangalia kwa bwana yako?"

"Hakuna."

"Ndiyo maana unaandika hii vitu," akasema, akaingiza karatasi nyingine.

Nikirudi sitateremkia kwa bwana wangu, dada. Nitandikie kitanda changu cha zamani, na usiniambie "si nilikwambia".

Nakupenda,
Mdogo wako Saida